Vifo vya Nyumbani Vina Dalili: Somo kwa Wakaazi wa Visiwani na Fuoni

Mtu anapouawa na mumewe, mkewe au mtu wa jamaa yake, maneno yanayosikika kwenye matanga huwa karibu yale yale: "Hatukujua mambo yamefika hapo." Nchi kadhaa zimejiwekea utaratibu wa kurudi nyuma baada ya kifo kama hicho na kuuliza kwa makini nani alijua nini, lini, na alifanya nini. Majibu yake yanafanana kutoka nchi moja hadi nyingine. Mara nyingi dalili zilikuwepo na watu kadhaa walizijua, ila kila mmoja alijua kipande chake tu na hakuna aliyeviunganisha vipande hivyo kwa wakati.

Somo hili linaeleza uchunguzi huo unavyofanywa, umefundisha nini, na mafunzo hayo yanaweza kutumiwa vipi na mkaazi wa Takawiri, Mfangano, Rusinga, Mbita, Muhuru Bay au ufuo mwingine wowote wa ziwa katika kaunti za Homa Bay na Migori.

Ukubwa wa tatizo

Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia zao. Hiyo ni wastani wa 140 kila siku. Nchini Kenya, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Mwaka 2024 polisi walitangaza kuwa wanawake 97 walikuwa wameuawa nchini katika muda wa miezi mitatu, kuanzia Agosti hadi Oktoba.

Januari 2025 serikali ya kitaifa iliunda kikosi kazi cha watu 42, chini ya uenyekiti wa aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Dkt. Nancy Baraza, ili kuchunguza dhuluma za kijinsia na mauaji ya wanawake na kupokea maoni ya wananchi.

Wanaume pia hudhulumiwa nyumbani, na sheria inawalinda vilevile. Hata hivyo, wanaouawa na wapenzi wao wengi ni wanawake.

Uchunguzi wa kujifunza ni tofauti na kesi

Kifo cha ghafla kinapotokea, sheria ya Kenya ina njia zake. Polisi hupeleleza, na mshukiwa akipatikana hufikishwa mahakamani. Pale ambapo haijulikani kifo kilitokea vipi, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inamruhusu hakimu kufanya uchunguzi wa hadharani kuhusu kifo hicho. Njia zote hizi hutafuta kujua kilichotokea na nani alaumiwe.

Uchunguzi wa kujifunza huuliza swali jingine: ni wapi mtu huyu angeweza kuokolewa? Mojawapo ya chunguzi za kwanza za aina hii ulifanywa San Francisco, Marekani, baada ya mama mmoja kuuawa na mumewe mwaka 1990 ilhali alikuwa amekwisha kuomba msaada kwa vyombo vya dola. Ontario, Kanada, iliunda kamati ya kudumu ya kazi hiyo mwaka 2003, chini ya afisi ya mchunguzi mkuu wa vifo. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2004, na tangu Aprili 2011 serikali za mitaa za huko hutakiwa kuchunguza kila kifo cha aina hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwenyekiti asiye na uhusiano na afisi zinazohusika huteuliwa. Polisi, hospitali, shule, idara ya ustawi wa jamii na wengineo hutakiwa kuandika tarehe zote walizokutana na marehemu au na mtuhumiwa. Familia, majirani na marafiki huombwa kueleza walichokiona. Kisha tarehe hizo zote hupangwa kwenye orodha moja. Ripoti inapotolewa, majina ya wahusika hubadilishwa ili kuwalinda watoto na jamaa. Kila pendekezo huandikiwa afisi itakayolitekeleza na muda wa kulitekeleza.

Orodha hiyo moja ndiyo kiini cha kazi, kwa maana ndiyo huonyesha kwa mara ya kwanza yale ambayo kila mtu alikuwa ameyaona peke yake.

Mfano wa kisiwani

Mfano ufuatao ni wa kubuni na hauhusu familia yoyote. Tuseme kuna mama kisiwani anayekausha na kuuza omena. Jirani amesikia vilio usiku mara tatu. Mwalimu ameona mtoto wake wa darasa la tatu akisinzia darasani na kukataa kurudi nyumbani. Muuguzi katika zahanati amemtibu mama huyo mara mbili, mara ya kwanza kwa mkono uliovimba na ya pili kwa maumivu ya koo na sauti iliyokauka. Mama mkwe anajua kuwa mume huchukua pesa zote za mauzo na kuishika simu ya mkewe. Mzee wa kijiji amewapatanisha na mume akaomba msamaha. Mwendesha mashua ameulizwa na mama huyo, kwa sauti ya chini, mashua ya kwanza kwenda Mbita huondoka saa ngapi.

Watu sita wamejua mambo sita, na kila jambo likitazamwa peke yake linaonekana dogo. Yakiwekwa pamoja, yanaeleza habari ya mama aliyekabwa koo, anayedhibitiwa kwa pesa na simu, na ambaye sasa anapanga kuondoka. Kwa wanaochunguza vifo, hiyo ni hatari kubwa inayohitaji msaada siku hiyo hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hapa kata ni sita na hazijakutana.

Funzo la kwanza: kuna dalili zinazotangulia kifo

Mtafiti Jacquelyn Campbell na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti kutoka miji 11 ya Marekani uliolinganisha wanawake waliouawa na wapenzi wao na wale waliodhulumiwa wakabaki hai. Kamati ya Ontario nayo imeona kuwa katika vifo vingi ilivyovichunguza, dalili saba au zaidi zilikuwa zimejitokeza kabla. Dalili zinazofaa kuchukuliwa kwa uzito mkubwa ni hizi:

- Kukabwa koo, hata mara moja na hata kama hakuna alama iliyobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mpenzi wake yuko katika hatari ya kuuawa mara 7 hivi kuliko yule ambaye hajawahi.
- Kutishiwa kuuawa, au kutishiwa kwa panga, kisu au silaha nyingine.
- Kulazimishwa kufanya mapenzi.
- Kufuatwafuatwa, kuviziwa njiani, au kukaguliwa simu kila siku.
- Wivu wa kupindukia na kudhibitiwa katika kila jambo: pesa, mavazi, marafiki, ziara za kwao.
- Kupigwa akiwa mjamzito.
- Mume kutishia kujiua iwapo ataachwa.
- Vipigo vinavyozidi kuwa vikali au kutokea mara kwa mara zaidi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Si kila wingu huleta mvua, na si kila nyumba yenye dalili hizi hufikia mauti. Lakini zinapokutana kadhaa, kusubiri kuone ni kucheza na maisha ya mtu.

Funzo la pili: wakati wa kuondoka ndio wa hatari zaidi

Mama anayeteswa hupewa mashauri ya aina mbili. Wapo wanaomwambia, "Vumilia, ndoa ni kuvumilia." Wapo wanaomwambia, "Si uondoke tu?" Uchunguzi wa vifo unaonyesha hatari katika yote mawili. Anayevumilia hubaki ndani ya vipigo vinavyoongezeka. Anayeondoka bila mpango huingia katika kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa kuwa mtu aliyezoea kumdhibiti mwenzake huona kwamba anampoteza. Katika vifo vilivyochunguzwa Ontario, kutengana, au mpango wa kutengana, ni miongoni mwa mambo yaliyojitokeza mara nyingi zaidi.

Kisiwani hatari hiyo ina sura yake. Anayeondoka mjini anaweza kuingia matatu na kupotelea kwenye umati. Anayeondoka Takawiri lazima asimame ufuoni asubirie mashua, akiwa na watoto na mzigo, mbele ya watu wanaomjua yeye na mumewe. Habari inaweza kumfikia mume kabla mashua haijang'oa nanga. Kwa hiyo kumsaidia mama wa kisiwani kuondoka ni pamoja na kujua atavuka vipi, na nani, saa ngapi, na nani atampokea ng'ambo.

Mpango wa usalama una mambo machache: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto kuwekwa kwa mtu anayeaminika, nauli ya mashua kufichwa mapema, nambari muhimu kukaririwa, maana simu huweza kunyang'anywa, neno la siri la kumweleza jirani kuwa msaada unahitajika sasa, na siku ya kuondoka kutotajwa kwa mtu asiyehusika.

Funzo la tatu: malalamiko ya mara ya tatu hayafai kupokelewa kama ya kwanza

Septemba 1, 2024, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa amekimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris wiki chache kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia. Alifariki Septemba 5 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Aliyetajwa kumshambulia ni mwanamume waliyekuwa wameishi pamoja, na ambaye pia alifariki kwa majeraha ya moto siku chache baadaye. Ripoti ya chifu ilitaja ugomvi kuhusu shamba na nyumba. Baba yake marehemu aliwaambia waandishi wa habari kuwa binti yake alikuwa amefika kwa polisi angalau mara tatu mwaka huo kulalamika kuhusu vitisho na vipigo.

Kwa kuwa mtuhumiwa alikufa, hakuna kesi ya mauaji ingeweza kuendelea dhidi yake. Hapo ndipo uchunguzi wa kujifunza unapohitajika zaidi. Maswali yake yangekuwa: kila mara malalamiko yalipopelekwa, yaliandikwa wapi? Afisa aliyepokea ya pili aliyaona ya kwanza? Kulikuwa na ombi la agizo la ulinzi mahakamani? Ugomvi wa mali ulishughulikiwa kama mzozo wa shamba, au kama tishio kwa maisha ya mtu?

Kwa mkaazi wa kawaida funzo ni hili: anayepiga ripoti aombe nambari ya OB na kuitunza. Akirudi mara nyingine, aitaje ile ya awali. Nambari hizo ndizo zinazounganisha tukio moja na jingine.

Funzo la nne: upatanisho una mipaka

Wazee na machifu hutatua mizozo mingi kwa busara, na Katiba inatambua njia za kijadi za kusuluhisha mizozo. Lakini Kifungu cha 159(3) kinasema njia hizo zisitumiwe kwa namna inayovunja Sheria ya Haki. Kifungu cha 29 nacho kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe wa afisa wa serikali au wa mtu binafsi.

Maana yake ni kwamba mbuzi, faini au msamaha wa mbele ya wazee hauwezi kufuta kosa la jinai. Katika chunguzi za nje, tukio ambalo jamii ililiona limekwisha mara nyingi lilikuwa hatua moja tu kuelekea kifo. Mzee wa kijiji anayeambiwa kuwa mtu amekabwa koo au kutishiwa kuuawa hafai kuwakalisha wawili hao pamoja ili wazungumze. Anafaa kumtenganisha aliye hatarini na kuwaita polisi.

Funzo la tano: sheria ipo, lakini hutumika ikiombwa

Sheria ya Kukinga Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, Nambari 2 ya mwaka 2015, haihusu kipigo pekee. Inataja pia dhuluma ya kiuchumi, kutishwa, kufuatwafuatwa, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, kuingiliwa na wakwe, kurithiwa kwa nguvu kwa mjane na tendo la kumtakasa mjane. Mjane anayelazimishwa kurithiwa ili abaki kwenye boma la marehemu mumewe analindwa na sheria hii.

Mtu aliye hatarini anaweza kuomba mahakama agizo la ulinzi. Hakimu anaweza kutoa agizo la muda kwa haraka kabla ya kusikiliza upande wa pili. Agizo hilo linaweza kumzuia mtuhumiwa kumkaribia mlalamishi au kuingia anakoishi. Anayelivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au yote mawili. Sheria pia inawataka polisi kumweleza mlalamishi msaada anaoweza kupata, na inamruhusu kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake akipenda.

Aliyeumizwa au kunajisiwa ana haki ya kutibiwa kwanza, hata kama hajafika kituo cha polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72. Kwa anayelazimika kusubiri ziwa litulie ndipo avuke, saa hizo huisha haraka, kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya kwenda kwenye kituo cha afya. Fomu ya P3 hutolewa bila malipo.

Nani afanye nini

Jirani na jamaa. Wasimkabili mume kwa maneno aliyoyasema mke kwa siri, kwani kisasi humwangukia mke. Wamuulize mke akiwa peke yake, wamwamini, wamuulize anataka nini, na waite msaada vilio vinaposikika.

Muuguzi na mhamasishaji wa afya ya jamii. Amuulize mgonjwa faraghani, bila mumewe kuwepo, na aandike kwenye rekodi majeraha yalivyo na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Maumivu ya koo, sauti kukauka na macho kuvilia damu humtaka aulize kama mgonjwa alikabwa.

Mwalimu. Mtoto anayeogopa kurudi nyumbani ameshaanza kusema. Huduma ya simu ya watoto ni 116.

Chifu, naibu wake na wazee wa vijiji. Waandike kila lalamiko kwa tarehe, na watazame kama jina hilo limewahi kutajwa.

BMU na waendesha mashua. Ndio walinzi wa mlango wa kisiwa. Kamati ya ufuo inaweza kukubaliana mapema kuwa anayekimbia kuokoa maisha atavushwa hata akikosa nauli, na kwamba safari yake haitatangazwa ufuoni.

Serikali ya kaunti. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini zahanati, hospitali za kaunti na huduma za afya ya jamii ni jukumu la kaunti. Mkaazi anayetaka nyumba salama ya kuwahifadhi wanaokimbia dhuluma, au mashua ya wagonjwa kwa visiwa, ana nafasi ya kusema hivyo wakati wa kushirikisha umma katika bajeti. Makadirio hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, kwa hivyo maoni yanafaa kutolewa kabla ya hapo, kwa maandishi na kwa jina la wadi.

Maswali ya kujadiliwa barazani

1. Mtu akihitaji kuondoka kisiwani usiku wa leo, atavushwa na nani, na atapokelewa wapi?
2. Chifu, zahanati, shule na BMU hukutana lini kuzungumza kuhusu nyumba zilizo hatarini, na siri za watu zitalindwa vipi?
3. Katika vifo vya nyumbani vilivyowahi kutokea eneo hili, jamii ilijua nini kabla? Swali hili lijadiliwe bila kutaja majina na bila kumlaumu marehemu.
4. Ni jambo gani moja ambalo wadi hii italiomba katika bajeti ijayo?

Nambari za kukariri

1195: msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, bila malipo, saa 24.
116: msaada kwa watoto, bila malipo.
999 au 112: polisi na dharura.